Nyumba ya ufuoni yaweza kuwa yako, lakini gati ni la nani?

TAMAA ya kumiliki nyumba iliyopakana na maji, yenye gati lake la kufungia mashua ya tanga, haiwahusu tena matajiri wa Ulaya na Marekani pekee. Katika Pwani ya Kenya, hasa kandokando ya mahori ya Kilifi na Mtwapa, na katika visiwa vya Lamu, wanaotafuta makao ya aina hiyo wanazidi kuwa mchanganyiko: wageni wastaafu, Wakenya waliochuma ughaibuni, na wafanyabiashara wa Nairobi ambao tangu treni ya abiria ya SGR ianze safari mwaka 2017 wanaona Pwani kuwa karibu kuliko zamani.

Mnunuzi wa namna hiyo huuliza maswali matatu. Je, ploti inafika majini? Je, maji hayo yana kina cha kutosha? Na je, anaweza kujenga gati lake mwenyewe? Dalali mwenye haraka ya kupata kamisheni hujibu ndiyo kwa yote matatu. Ukweli ni kwamba swali la kwanza linajibiwa na mpimaji wa ardhi, la pili linajibiwa na bahari yenyewe, na la tatu linajibiwa na Katiba. Majibu ya hawa watatu hayalingani kila mara na maneno ya dalali.

Suala hili linastahili kutazamwa kwa makini kwa sababu kila gati la mtu binafsi linalosimama linagusa haki za watu wengine, ambao wengi wao hawana ploti wala mashua ya tanga. Hao ni wavuvi wa dau na ngalawa, akina mama wanaouza samaki, na vijana ambao njia yao ya kwenda baharini imekuwa ikifinywa mwaka baada ya mwaka.

Mwamba na hori

Sehemu kubwa ya Pwani ya Kenya imezingirwa na mwamba wa matumbawe unaokwenda sambamba na ufuo. Mwamba huo ndio unaovunja mawimbi na kuulinda mchanga usisombwe. Hata hivyo, ndio pia unaozifanya fuo maarufu kama Bofa, Nyali na Diani zisifae kuwa maegesho ya mashua yenye mkuku mrefu. Maji yakipwa, eneo lililo baina ya mwamba na ufuo hubaki na kina kidogo mno, na mahali pengine mtu huweza kutembea kwa miguu hadi karibu na mwamba.

Kwa hiyo mwenye mashua ya tanga halazimiki kutafuta nyumba yenye ufuo wa kupendeza. Anatafuta hori, yaani mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, ambao mlango wake umepasua mwamba na maji yake ni matulivu. Kilifi ina hori la namna hiyo, na ndiyo maana kwa miaka mingi mashua zinazovuka Bahari ya Hindi zimekuwa zikitia nanga hapo ili kupumzika na kutengenezwa. Idadi yake ilipungua uharamia wa Kisomali ulipotanda baharini kuanzia mwaka 2008, lakini sifa ya Kilifi haikufutika. Hori la Mtwapa nalo lina historia kama hiyo, ijapokuwa ukaribu wake na Mombasa umelijaza majengo haraka zaidi.

Lakini mahori haya yamevukwa na madaraja yasiyofunguka. Daraja la Kilifi lilifunguliwa mwaka 1991 na kukomesha enzi ya feri ya Mnarani. Kwa msafiri wa barabarani hiyo ilikuwa neema. Kwa nahodha mwenye mlingoti mrefu ni kizuizi ambacho sharti akipime kabla ya kununua ploti iliyo upande wa ndani wa daraja. Mashua ya tanga yenye urefu wa mita 12 huwa na mlingoti wa mita 15 au zaidi. Ploti nzuri iliyo mahali ambapo chombo hakiwezi kupita haina maana kwa mtu huyu.

Bamvua na maji mafu

Kosa linalofanywa na wanunuzi wengi kutoka bara ni kuitazama ploti mara moja tu, tena saa ambayo maji yamejaa. Pwani ya Kenya hujaa na kupwa mara mbili kila siku. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti baina ya maji makuu na maji madogo mjini Mombasa huweza kukaribia mita 4. Siku za maji mafu tofauti hiyo hupungua sana.

Hesabu yake ni rahisi. Mashua ya kiasi huhitaji maji ya kina cha mita 1.5 hadi 2 ili mkuku wake usiguse chini. Ikiwa mbele ya nyumba kuna maji ya mita 4 wakati bamvua limejaa, saa sita baadaye chombo hicho kitakuwa kimelala ubavu kwenye matope. Mwenye gati la namna hiyo atakuwa na bandari saa chache tu kwa siku, na kila safari yake itasubiri ruhusa ya mwezi.

Kujaa na kupwa huko ndiko kunakoamua pia aina ya gati. Gati la nguzo zilizosimama, likijengwa kwa kimo cha maji makuu, huwa juu kama ghorofa maji yakipwa, na abiria hulazimika kushuka kwa ngazi. Likijengwa chini, bahari hulifunika. Suluhisho la kiufundi ni gati la kuelea lenye daraja linalopanda na kushuka, kwa kanuni ile ile iliyotumika katika daraja la kuelea la Liwatoni lililojengwa mwaka 2020. Gati la aina hiyo hugharimu pesa nyingi zaidi na huhitaji ukarabati wa kila mara, kwani maji ya chumvi hula chuma na wadudu wa majini hutoboa mbao.

Kuna pia upepo. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi hutawala kuanzia Aprili hadi Septemba au Oktoba, ikiwa kali zaidi katikati ya mwaka. Mahali panapoonekana patulivu Januari huenda pakawa na mawimbi Julai. Wenyeji wanajua haya tangu enzi za majahazi ya Uarabuni na Lamu, na ni busara kwa mnunuzi kumuuliza mvuvi mzee kabla ya kumuuliza mhandisi.

Ndiyo maana mashua nyingi za tanga Kilifi hazifungwi kwenye magati ya nyumba. Hufungwa kwenye maboya yaliyoshikiliwa na uzito mkubwa chini ya maji, katikati ya hori ambako kina kinatosha, na mwenyewe huifikia kwa kimashua kidogo. Ni njia rahisi, na haihitaji kuuvamia ufuo.

Katiba inavyosema

Tuseme mnunuzi amepata ploti yenye kina kizuri na pesa za gati anazo. Hapo ndipo anapokutana na sheria.

Kifungu cha 62 cha Katiba iliyoanza kutumika Agosti 27, 2010 kinataja ardhi zote zilizo baina ya alama ya maji makuu na alama ya maji madogo kuwa ardhi ya umma. Bahari ya mamlaka ya Kenya na sakafu yake ni vivyo hivyo. Ardhi hiyo inashikiliwa na Serikali ya Kitaifa kwa niaba ya wananchi na kusimamiwa na Tume ya Kitaifa ya Ardhi (NLC), na haiwezi kutolewa kwa mtu ila kwa kufuata Sheria ya Bunge.

Maana yake ni nzito. Hati ya mwenye nyumba, hata ikiwa halali kabisa, inakomea pale maji makuu yanapokomea. Gati huanzia hapo. Kwa maneno mengine, hakuna gati nchini linaloweza kuwa la mtu binafsi kwa maana ambayo nyumba ni ya mtu binafsi. Mbao na nguzo zaweza kuwa zake, lakini mahali zilipochimbiwa ni pa umma, na anapatumia kwa idhini yenye masharti ambayo hairithishwi wala kuuzwa kama sehemu ya ploti. Tangazo linalotaja "gati la kibinafsi" kana kwamba limo ndani ya hati linauza kitu ambacho muuzaji hana.

Idhini hiyo nayo haitoki kwenye ofisi moja. Halmashauri ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA) hudai tathmini ya athari kwa mazingira, chini ya sheria ya mwaka 1999, kabla ya kazi za ujenzi, uchimbaji au ujazaji ufuoni. Serikali ya kaunti ina mamlaka ya mipango ya ujenzi. Halmashauri ya Bandari Nchini (KPA) husimamia bandari ndogo, Kilifi na Mtwapa zikiwamo. Chombo chenyewe na usalama wake viko chini ya halmashauri ya masuala ya baharini (KMA). Mwenye kibali kimoja mkononi hana ruhusa kamili.

Kwa asiye raia, masharti ni zaidi. Kifungu cha 65 kinamruhusu kumiliki ardhi kwa kukodi tu, tena kwa muda usiozidi miaka 99. Mabadiliko ya sheria za ardhi ya mwaka 2016 yaliongeza kizuizi kingine: ploti za safu ya kwanza na ya pili kutoka alama ya maji makuu ya Bahari ya Hindi ni ardhi inayodhibitiwa, na haziwezi kuhamishiwa asiye raia bila kibali cha maandishi cha Waziri. Nyumba yenye gati, kwa hali yake, ni ya safu ya kwanza.

Asili ya hati

Hatari kubwa zaidi haiko katika gati bali katika hati yenyewe. Historia ya ardhi ya Pwani ni ya makovu. Ukanda wa maili kumi uliokuwa milki ya Sultani wa Zanzibar ulisimamiwa na Waingereza kuanzia mwaka 1895. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye madai wajitokeze kuyaandikisha, na ardhi ambayo haikudaiwa ikawa ya Taji. Wamijikenda wengi, ambao umiliki wao ulikuwa wa jamii na haukuandikwa popote, walijikuta maskwota katika mashamba ya babu zao. Makubaliano ya mwaka 1963 yaliyouingiza ukanda huo ndani ya Kenya huru yaliahidi kutambua hati zilizokwisha kusajiliwa.

Baada ya uhuru likafuata jeraha la pili. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilieleza jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa kinyume cha sheria kote nchini. Pwani, vipande vilivyotengwa kuwa njia za kwenda baharini na viwanja vya wazi viligeuzwa kuwa ploti.

Kwa muda mrefu mnunuzi wa pili au wa tatu wa ploti kama hiyo alijitetea kwa kusema kuwa alinunua kwa nia njema na hati ilikuwa safi. Mlango huo ulifinywa mno na Mahakama ya Juu mwezi Aprili mwaka 2023, katika kesi ya Dina Management Limited dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Kesi ilihusu ploti ya Nyali iliyo ufuoni, ambayo kwa mara ya kwanza ilikuwa imegawiwa Rais wa wakati huo, Daniel arap Moi, mwaka 1989, kisha ikauzwa na kuuzwa tena. Kaunti ilibomoa ukuta mwaka 2017 ikisema unaziba njia ya umma ya kwenda baharini. Majaji walikubaliana nayo: ikiwa ugawaji wa kwanza haukufuata sheria, hati inayotokana nao hailindwi na Katiba, hata kama mmiliki wa mwisho alilipa kila senti.

Funzo ni kwamba haitoshi kwenda kwenye masjala ya ardhi na kuthibitisha jina la anayeuza. Mnunuzi sharti arudi nyuma hadi kwa aliyegawiwa kwanza, na kuitazama ramani ya awali ya mpimaji kuona kipande hicho kilitengewa nini. Kanuni za upimaji za mwaka 1994 zinataka ukanda usiopungua mita 60 juu ya alama ya maji makuu utengwe ardhi ya serikali ya Pwani inapopimwa ili igawiwe. Ploti nyingi zilipimwa kabla ya kanuni hiyo na hati zake hufika majini kihalali. Zile zilizopimwa baadaye na bado zinafika majini zina maswali ya kujibu.

Diko na mikoko

Mwanzoni mwa makala haya walitajwa watu wasio na ploti. Kwao, neno muhimu si gati bali diko, yaani mahali ambapo vyombo vya uvuvi hufikia na samaki kushushwa. Diko halichaguliwi ovyo. Ni mahali penye upenyo katika mwamba, kina cha wastani na kinga dhidi ya upepo. Kwa bahati mbaya, hizo ndizo sifa zile zile anazozitafuta mwenye mashua ya tanga, na ndipo mgongano unapozaliwa.

Madiko mengi hayana hati. Yametumika kwa vizazi, lakini katika ramani hayaonekani. Nyumba ikijengwa na ua kuzungushwa, mvuvi hunyimwa njia ya nchi kavu hata kama ufuo wenyewe ni wa umma. Haki ya kutumia ufuo usiofikika ni haki ya karatasi. Vikundi vya usimamizi wa fuo (BMU), vilivyowekewa kanuni mwaka 2007, viliwapa wavuvi sauti katika uendeshaji wa madiko, lakini havikuwapa hati ya ardhi.

Mahakama zimeanza kulitambua jambo hili. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba ujenzi wa bandari ya Lamu uliwaathiri wavuvi wapatao 4,600 na kuamuru walipwe fidia ya takriban Sh1.7 bilioni. Gati la nyumba si bandari ya kimataifa, lakini msingi ni ule ule: matumizi ya bahari yaliyorithiwa ni haki, na anayeyavuruga anapaswa kujibu.

Kisha kuna mikoko. Kingo za mahori zimefunikwa na mikoko, michu na mikandaa, na misitu hiyo imetangazwa kuwa hifadhi ya serikali tangu mwaka 1932. Kukata mkoko ili kufungua mandhari au kupitisha gati ni kosa, hata kama mti uko mbele ya sebule ya mtu. Mikoko ni kitalu cha samaki na kaa, na mizizi yake hushika udongo usisombwe. Kule Gazi, Kwale, wanakijiji wamekuwa wakiuza hewa ya ukaa kupitia mradi wa Mikoko Pamoja tangu mwaka 2013, ithibati kwamba msitu uliosimama una thamani ya pesa.

Wapo wanaong'oa mikoko na kuweka ukuta wa mawe mahali pake. Ukuta huo huyarudisha mawimbi na kuyasukuma kwa jirani, ambaye naye hulazimika kujenga wake. Huku kina cha bahari duniani kikiendelea kupanda, mbio hizo za kuta hazina mshindi.

Njia ya kutokea

Haya yote hayamaanishi kwamba wenye mashua za tanga ni wavamizi au kwamba Pwani haiwahitaji. Kila chombo kinachotia nanga Kilifi huleta kazi kwa fundi wa mbao, mshonaji wa matanga, mlinzi na muuza samaki. Ustadi wa kuunda na kukarabati vyombo, ambao umekuwa ukififia majahazi yakipungua, unaweza kupata uhai mpya kutokana na mashua hizo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Lakini ili mwenyeji apone kweli, mambo matatu yanahitajika. Kwanza, serikali za kaunti za Pwani pamoja na NLC zipime na kusajili madiko yote na njia zake kuwa ardhi ya umma kabla ploti zaidi hazijauzwa. Kazi hiyo ikiahirishwa, kila mwaka unaopita hupunguza kilichobaki cha kusajili, na kukirudisha kupitia mahakama huchukua miaka.

Pili, badala ya kutoa vibali vya gati kwa kila nyumba, mamlaka zihimize magati ya pamoja. Gati moja la kuelea lililojengwa vizuri huweza kuhudumia nyumba kumi pamoja na vyombo vya wavuvi, likalipiwa ada, na kuharibu sehemu ndogo tu ya mikoko. Nyumba kumi zenye magati kumi huligeuza hori kuwa uchochoro.

Tatu, vibali vinavyotolewa viwekwe wazi ili yeyote aweze kuvisoma. Leo mwanakijiji anayeona nguzo zikichimbiwa majini hana njia rahisi ya kujua kama ni halali. Usiri huo humlinda mkiukaji na kumtia shaka hata yule aliyefuata sheria.

Kwa mnunuzi mwenyewe, ushauri ni mfupi. Aitazame ploti maji yakiwa yamepwa, siku ya bamvua. Apime kimo cha daraja. Aifuate hati hadi kwenye mzizi wake. Aulize wavuvi wa hapo hupitia wapi kwenda baharini, na kama jibu ni "hapo ulipopanga kujenga ua", basi ajue kwamba ananunua nyumba pamoja na kesi. Asiyeridhika na majibu anaweza kununua nyumba ya safu ya nyuma na kuifunga mashua yake kwenye boya katikati ya hori, kama wenzake wengi wanavyofanya, huku njia ya mvuvi ikibaki wazi.